Huyo Mmasai Asogee

Ukipita Kamunyonge, pale Musoma, saa za jioni, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga, utasikia mtu anapiga litungu vibaya. Sisemi vibaya kidogo. Nasema vibaya mpaka mbuzi wa jirani wanainua vichwa. Kwa asiyelijua litungu, ni chombo cha Wakurya: bakuli la mti lililowambwa ngozi, vijiti viwili vimesimama juu yake, na nyuzi nane za kuchezewa kwa vidole vya mikono yote miwili. Anayelitesa hapo Kamunyonge anaitwa Mseti, enjinia wa maji, miaka ishirini na tisa, amesoma mpaka Ujerumani akarudi na shahada ya pili. Majirani humtania: "Enjinia, hilo bomba linavuja wapi?" Naye hucheka nao, kisha anaendelea.

Kila Jumamosi analifunga kwenye kitenge, anapanda gari la Bunda, anashuka Kiabakari, kule Butiama, kwa babu yake. Watu wanadhani ni mapenzi ya utamaduni. Mwalimu mmoja wa shule ya Mukendo alishamsifu mbele ya kadamnasi, akasema vijana wote wangekuwa hivi nchi ingefika mbali. Mseti aliangalia viatu vyake. Mapenzi ya utamaduni wapi! Ni aibu inayompeleka kule, na aibu yenyewe aliitafuta kwa miguu yake mwenyewe. Nitaisimulia kama ilivyokuwa, maana wanaoisimulia pale stendi ya Kiabakari wanaongeza chumvi, na haihitaji.

Baba yake Mseti alifariki mtoto akiwa darasa la tano. Mama akabaki Musoma akiuza dagaa pale Mwigobero, na Mseti akapelekwa kwa babu, mzee Mwikwabe, aliyehamia Kiabakari kutoka Tarime tangu ujana wake. Sasa msije mkadhani mzee Mwikwabe ni mtu wa kukaa kimya na kutoa busara. Hapana! Ni mzee wa majigambo. Akivuna magunia matatu, kijiji kitasikia sita. Macho yake yana ukungu. Daktari alimpangia upasuaji mara mbili, na mara mbili mzee akapotelea kusikojulikana mpaka siku ikapita. Lakini kwenye litungu, jamani, tusimwonee. Kwenye litungu mzee haongezi kitu. Akishika zile nyuzi hata wanaomsema wanasogeza viti karibu.

Kuna wimbo mmoja ambao hakukosa kumalizia nao. Ni wimbo wa kutaja watu wake. Anaanza na babu zake, anashuka kwa baba yake, kwa marehemu mwanawe, halafu anafika kwa wajukuu, na kila mjukuu ana kipande chake. Wa kwanza ni Mseti, aliyezaliwa ng'ombe wakiwa kisimani. Anamfuata Stellah, aliyekuja na mvua ya mawe. Kisha wengine. Mseti alipokuwa mdogo alikuwa akikaa macho yamemtoka, anangoja zamu ya jina lake, na likitajwa anajifanya hajasikia ili ndugu zake wamsukume kwa viwiko. Kwa yatima wa miaka kumi na moja, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Mseti alipopata ufadhili wa kwenda kusoma Ujerumani, babu alikaa wiki tatu akimchongea litungu dogo la kuingia kwenye begi. Akamfundisha wimbo ule, na Mseti akaushika nusu nusu, maana akili yake ilikuwa kwenye viza. Siku ya kuondoka mzee akamwambia, "Mume mwenzangu, ukifika kule, siku utakayoona watu wamejaa, wapigie. Nitajie watu wangu huko. Unasikia?" Ndivyo walivyokuwa wakiitana, mume mwenza, kwa utani wa babu na mjukuu. Mseti akasema nimesikia.

Mwaka wa kwanza ukapita, hakuwapigia. Kila Jumapili shangazi yake, Marieta, alimshikia babu simu sikioni, na kila Jumapili babu akauliza, "Umeshawapigia?" Mseti anajibu, "Bado, babu, masomo yamebana." Litungu lilikaa juu ya kabati, karibu na hita. Chumba kidogo, baridi kali, hita inawaka usiku na mchana.

Mji wenyewe uliitwa Mainz. Pale mwezi wa pili kuna sikukuu inayoitwa karnivali, na siku yake kubwa ni Jumatatu, watu wanafunga maduka na kumwagika barabarani kwa malaki. Magari makubwa yaliyopambwa yanapita polepole, bendi za matarumbeta zinafuatana, na walio juu ya magari wanawarushia watu peremende. Watu wazima, wengine na mvi zao, wanageuza miavuli juu chini ili kuzikinga. Kila mtu amevaa kitu asichokuwa: daktari amevaa kuku, mwalimu amevaa jambazi.

Mseti alikuwa na kundi la wanafunzi wenzake wa kigeni, tisa hivi, na mwenyeji wao alikuwa msichana mmoja wa darasa lake, Lena. Pamoja nao alikuwepo Nassibu, mtoto wa mfanyabiashara wa vitenge pale Bunda mjini, aliyekuwa anasomea dawa. Lena akapata nafasi ya kundi lao kuandamana, kila mmoja na kitu cha nchi yake. Wakakutana kupanga. Hapo ndipo Mseti alipolishusha litungu juu ya kabati kwa mara ya kwanza, akalifuta vumbi, akalipeleka.

Akapiga. Alikosea mahali pawili, akarudia, akakosea tena, majina ya babu zake yakamchanganya ulimini. Wenzake wakampigia makofi. Lakini kuna makofi na makofi, na yale yalikuwa ya kumpigia mtoto aliyevaa viatu mwenyewe. Mmoja akauliza kwa adabu kabisa kama wimbo umekwisha. Mseti akasikia masikio yanapata moto. Akalitazama litungu la babu yake, ngozi ya ndama bado ina manyoya pembeni, linanuka mafuta ya ng'ombe mle ndani ya chumba cheupe, akaona kama yeye ndiye anayenuka.

Lena, wala hakuwa na ubaya, akafungua begi akatoa shuka jekundu. Alikuwa ameshakaa Tanzania wiki tatu, Arusha na Unguja, akarudi na shuka, shanga na fimbo. "Na hii je?" akauliza. "Wewe si ni Mmasai?" Chumba kizima kikaamka. Simu zikatoka. Ah, Mmasai! Yule wa kuruka! Na Mseti, mtoto wa Wakurya, aliyelala utoto wake wote akisikia babu yake anasimulia ng'ombe walioibwa na Wamasai na waliorudishwa, akafungua kinywa akasema, "Ndiyo."

Nassibu alimgeukia, akamsemesha Kiswahili taratibu. "We Mseti. Umekuwaga Mmasai tangu lini?"

"Achana na mimi. Hawajui tofauti."

"Hawajui wao. Wewe je?"

"Nassibu, ni sikukuu tu, bwana. Usiniletee mambo."

Nassibu akainua mikono. Yeye siku ya msafara alivaa kanzu yake na kofia yake, koti zito juu, kama anavyovaa Bunda siku ya Idi ukiondoa koti.

Basi Jumatatu ikafika. Jamani, nisiwafiche, na Mseti mwenyewe hafichi siku hizi: alifurahi. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote. Laiti angeruka kwa kulazimishwa angekuwa na pa kujitetea. Alivaa suruali nyeusi ya kubana kwa ajili ya baridi, shuka juu, shanga shingoni, fimbo mkononi, akaruka kuanzia saa sita mpaka karibu saa kumi. Barabara imejaa, watu wanamwita, watoto wamebebwa mabegani wanamnyooshea vidole, matarumbeta yanalia, na kila akiruka kelele zinapanda naye. Hajawahi kutazamwa hivyo maishani mwake. Mahali fulani msafara ukasimama, bibi kizee mmoja kwenye kiti cha magurudumu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba Lena amtafsirie: kijana huyu anaitwa nani, na kwao wanaimba nini?

"Naitwa Ole Musoma," akasema Mseti.

Nassibu alicheka mpaka akakaa chini barabarani, mwavuli wa peremende umemwagika. Na wimbo? Mseti akanguruma kooni vitu visivyo na maana yoyote, na bibi yule akafumba macho akisikiliza kwa heshima zote, maana aliamini kwamba anaimbiwa wimbo wa watu wa kwao kijana. Akambusu mkono. Nassibu alipoinuka alikuwa ameshatoa simu, akachukua sekunde arobaini za Ole Musoma akiruka. Jioni akaziweka kwenye stetasi.

Jumapili babu akapiga simu. Miguu ya Mseti ilikuwa bado inamuuma kwa kuruka.

"Umeshawapigia?"

Na siku hiyo, sijui kwa nini, labda kuchoka kusema bado, akasema, "Nimewapigia, babu."

Upande wa pili mzee akashusha pumzi mpaka simu ikakwaruza. "Watu wengi?"

"Barabara nzima."

"Ukawataja watu wangu?"

"Wote."

"Wakafanyaje?"

Angeweza kusema walipiga makofi. Angeweza kusema walisikiliza. "Walilia, babu," akasema Mseti, na neno likishatoka kinywani nani alirudishe?

Shangazi Marieta anasema mzee hakunywa hata uji. Alichukua fimbo akaenda moja kwa moja kwa mzee Baltazari. Huyu Baltazari ni mwalimu mstaafu, jirani, na kwa miaka thelathini alikuwa akimwambia Mwikwabe kwamba litungu limepitwa na wakati, vijana wanataka spika, na siku akifa atazikwa nalo. Mzee akasimama uani kwa Baltazari akatangaza kwamba Wazungu wamelia. Barabara nzima. Baada ya hapo akatangaza kanisani, mnadani, na kwenye vikao vya mahari visivyomhusu. Mwaka na nusu alitembea Kiabakari nzima na machozi ya Wajerumani mfukoni.

Mseti aliporudi, Juni mwaka juzi, litungu alilirudisha. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati, imekauka kwa lile joto la hita. Alikaa njia nzima kutoka Musoma akitafuta uongo wa kusema. Hakuuhitaji. Mzee alipapasa ule ufa kwa kidole gumba, uso ukamjaa furaha. "Tazameni! Limepigwa mpaka likapasuka!" Akalipitisha kwa majirani walishike ule ufa, halafu akachinja ndama, akaliwamba upya. Mseti alisimama pembeni na soda mkononi. Hapo ilikuwa nafasi ya kusema, wala hapakuwa na watu wengi. Akanywa soda.

Wiki mbili baadaye babu akaita watu kumpokea mjukuu rasmi. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikaazimwa kanisani, akina mama wakapika pilau na nyama tangu alfajiri. Walifika watu kama sitini. Baltazari alikaa mbele kabisa, mguu juu ya mguu. Nassibu naye, aliyekuwa amesharudi Bunda, akaalikwa kwa sababu babu alimtaka kama shahidi. Alipofika alimvuta Mseti nyuma ya jiko.

"Mzee amenipigia mara tatu anataka video. Nimemwambia simu iliibwa. Aisee, mwambie ukweli leo, kabla hajaanza."

"Mbele ya Baltazari? Unataka nimuue mzee?"

"Sasa akikwambia upige?"

"Nitasema vidole vinauma."

Nassibu akamtazama tu. Wallahi, akasema, sijui umesoma nini huko.

Walipokwisha kula, babu akasimama na fimbo yake. Akasema mengi, akafika kwenye barabara ya Wajerumani, akamnyooshea kidole Nassibu. "Huyu alikuwepo! Baba, picha kweli huna hata moja?" Nassibu akajikuna kichwa, akasema simu iliibwa, babu. Ndipo Stellah, binti wa shangazi Marieta, msichana asiye na hila kabisa, akaruka kutoka alipokuwa anaosha sahani. "Lakini babu, mimi ninayo! Nassibu aliiwekaga stetasi nikaihifadhi. Mseti amependeza huyo!" Alidhani ni kichekesho cha familia. Alidhani babu ameshaiona zamani. Kabla Mseti hajainuka kitini, simu ilikuwa imeshafika mbele ya pua ya mzee, na watu wameshajazana nyuma ya kiti chake, wanyooshe shingo waone Wazungu wanavyolia.

Video ikaanza. Matarumbeta, kelele, na Mseti katikati, shuka jekundu, shanga, suruali ya kubana, anaruka, anatoa ulimi.

Waliokuwa nyuma ya kiti wote walimtambua. Mseti aliona kutambua kunavyopita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mama yake, aliyekuja kutoka Mwigobero na gauni jipya, alijiziba mdomo kwa upande wa kitenge. Mzee peke yake aliikunjia macho simu, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Huyu Mmasai katoka wapi?"



"Ni wanafunzi wenzake, baba," akasema shangazi Marieta. "Walikuwa wengi."

"Na Mseti yuko wapi?"

"Yuko... yuko nyuma kule, baba."

Mzee akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Simuoni. Mwambieni huyo Mmasai asogee, anamziba mjukuu wangu."

Mseti alimtazama Baltazari. Miaka thelathini mzee yule alikuwa anaingoja nafasi kama hiyo. Ilikuwa imewekwa mapajani mwake kama sahani ya pilau. Baltazari alishusha mguu wake chini, akakohoa. "Kweli, mzee," akasema taratibu. "Anamziba."

Loo! Mseti anasema angetukanwa angepona. Watu sitini, na adui wa babu yake kati yao, wamekubaliana kumfichia bila kupanga, kama watu wanavyomfunika mlevi aliyeanguka kaptura ikamvuka. Alitamani kuondoka. Akabaki kitini.

Babu hakukata tamaa kwa kutomwona. Akasema picha si kitu, litungu lenyewe lipo. Akaagiza liletwe, akalilaza mapajani, ngozi mpya nyeupe, akaanza. Alipiga vizuri kuliko siku zote. Akawataja babu zake, baba yake, akamtaja marehemu mwanawe mpaka mama yake Mseti akainamisha kichwa, akafika kwa wajukuu. Na pale pa Mseti hakusema tena aliyezaliwa ng'ombe wakiwa kisimani. Alikuwa amemtungia kipande kipya. Aliimba: Mseti, aliyewaliza Wazungu barabarani. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akiinua uso wake wenye ukungu ili waliokaa nyuma wasikie. Mseti, aliyewaliza Wazungu. Na watu, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Mseti aliyajua makofi yale. Alishawahi kupigiwa.

Akainuka. Akaenda mpaka mbele ya kiti cha babu yake akafanya jambo ambalo mtoto wa Mkurya hafanyi, akaweka kiganja juu ya nyuzi litungu likiwa linapigwa. Sauti ikakatika.

"Babu. Yule Mmasai ni mimi."

Mzee alicheka kidogo, akidhani ni utani wao. "Mume mwenzangu, toa mkono."

"Ni mimi, babu. Nilivaa shuka nikaruka. Sikuwapigia."

"Na litungu?"

"Lilikuwa juu ya kabati."

"Limepasuka kwa kupigwa."

"Lilipasuka kwa joto la hita. Nilijaribu siku moja chumbani, nikaona aibu nalo. Nikaliacha."

"Na waliolia?"

"Hakuna aliyelia, babu."

Mzee Mwikwabe alikaa na vidole vyake bado vimekunjwa juu ya nyuzi. Kisha akageuza kichwa, taratibu, upande alikojua Baltazari amekaa. "Baltazari. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, mzee."

"Ukasema anamziba."

"Nilikuhurumia, ndugu yangu."

Hapo ndipo ilipompata. Mseti aliona. Uongo wa mjukuu mzee alikuwa bado anaupapasa kama ule ufa wa ngozi, hajajua ukubwa wake. Lakini huruma ya Baltazari ilimwingia mara moja. Mtu aliyegombana naye miaka thelathini kama mwanaume na mwanaume, sasa anamhurumia, mbele ya watu, nyumbani kwake. Mabega ya mzee yalishuka. Akalifunika litungu na kitambaa chake, akalisimamisha kando ya kiti.

"Kijana," akamwambia Mseti, "wape watu chai."

Hakumwita mume mwenzake. Hajamwita hivyo tena mpaka leo.

Watu waliondoka mapema, wakiaga kwa sauti za msibani. Stellah alilia jikoni, Nassibu akakaa naye kumwambia si kosa lake. Mseti alilala kule siku tatu akiomba radhi, na babu alimjibu kila mara, "Nimesikia, kijana," kwa upole kabisa, kama anavyomjibu bwana shamba. Siku ya nne Mseti akaliomba litungu. Akasema nifundishe upya, babu, toka mwanzo. Mzee akalisukuma kwa mguu limfikie. "Anza na uzi wa juu."

Ndiyo hizo Jumamosi. Ni mwaka na zaidi sasa. Mzee anamfundisha vizuri, anampiga vidole akikosea, hamnyimi kitu. Baltazari hamtanii tena Mwikwabe. Anapita, anasalimia kwa adabu, anauliza afya, na mzee akisikia adabu ile anauma meno. Nadhani angetoa ndama mwingine Baltazari amtukane tena kama zamani.

Jumamosi iliyopita Mseti aliupiga wimbo wote bila kukosea hata mahali pamoja. Alisikia mwenyewe kwamba haujakosewa. Shangazi Marieta alitoka ndani kusikiliza, mikono ina unga. Babu akatikisa kichwa, akasema, "Haya, lete," akalichukua akalilaza mapajani ili amwonyeshe namna ya kuumalizia.

Akawataja babu zake. Akamtaja baba yake. Akamtaja marehemu mwanawe. Mseti alikaa kwenye kigoda mbele yake, mtu mzima, enjinia, macho yamemtoka kama zamani. Mzee akafika pale. Vidole vyake vikapiga kipande chote cha kwanza, kwa urefu wake uleule wa ng'ombe wakiwa kisimani, havikuruka hata uzi mmoja, na mdomo wake umefungwa. Mseti akangoja. Kipande kikaisha.

Halafu babu akamtaja Stellah.